Sura ya Ghislaine Kwenye Chupa

Ghislaine alikuwa na mwanya ambao mama yake, kule Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, aliuita mali. Alikuwa msusi wa nywele huko Greyville, Durban, kwenye saluni yake ya viti vitatu karibu na uwanja wa mbio za farasi, na kila Jumatatu, saluni inapofungwa, alikwenda baharini kupanda mawimbi. Alianza akiwa mtu mzima, karibu miaka arobaini. Mteja wake Tina, aliyefundisha mchezo huo, ndiye aliyemwazima ubao wa kwanza akamwambia, "Mtu aliyekulia ziwani ataogopaje maji?" Wanawake wenzake wa kanisani walimcheka. Yeye aliendelea.

Vuli ya Durban, msimu wa kuelekea baridi, huanza mwezi wa tatu. Joto hupungua, asubuhi upepo hutoka nchi kavu ukayanyanyua mawimbi wima, na bahari huwa bado haijapoa. Asubuhi moja ya namna hiyo, Ghislaine alifanikiwa kusimama juu ya ubao kwa mara ya kwanza. Wimbi lilimleta mpaka mchangani, kilemba kichwani, kinywa wazi kwa kicheko. Mwanamume mmoja mwenye kamera akampiga picha, kisha akampigia makofi. Aliitwa Warren, mpanda mawimbi wa siku nyingi, mwenye kiwanda kidogo cha bia.

"Kwa lugha yenu, hii mnaiitaje?" aliuliza, akionyesha maji yanayovunjika.

"Wimbi," Ghislaine akamjibu. Akalirudia polepole ili jamaa alishike vizuri.

Vuli iliyofuata, bia mpya ilitoka: Mama Wimbi. Karatasi ya chupa ilikuwa na mchoro uliotokana na ile picha. Kilemba chake kilikuwepo, na ubao wake. Kinywa walikiacha wazi kama mlango wa gereji, mwanya wakaupanua mpaka kidole kingepita, na makalio wakayachora makubwa kuliko ubao wenyewe.

Aliyeileta chupa kanisani alikuwa Marie, mke wa mchungaji. Aliiweka juu ya kinanda katikati ya mazoezi ya korali, ambayo Ghislaine ndiye aliyekuwa kiongozi wake.

"Mama Ghislaine, hii ni nani?"

Hakuna aliyeimba tena siku hiyo. Mchungaji Barthélemy hakumgombeza, na pengine kugombezwa kungekuwa afadhali. "Najua haukunywa," alisema. "Lakini watu wataniuliza, ule anayetuongozea nyimbo, si ndiye iko kwa chupa ya pombe? Nitajibu nini? Pumzika kwanza, mama."

Akapumzika. Jumapili zikapita, mwingine akasimama mahali pake, na hakuna aliyemwita.

Ghislaine alikwenda kiwandani. Warren alimpokea kwa kumkumbatia, kama ndugu aliyetoka safari. Ghislaine alipomweleza habari za kanisa, Warren alicheka.

"Lakini ni heshima, Mama! Watu wanakupenda. Ndiyo inayonunuliwa kuliko zote." Akainama nyuma ya kaunta, akamtolea katoni moja ya bia. "Chukua. Zawadi."

Ghislaine aliiacha pale pale, akaondoka kwa miguu. Tangu siku hiyo wateja wakaanza kulalamika saluni kwamba anawavuta nywele. Hakuwa na habari. Mikono ilikuwa ikisuka, lakini mawazo yote yalikuwa kwa Warren. Alitaka aumie. Aliwaza kuvunja vioo vya kiwanda, akaona watamkamata. Aliwaza kumlaani, akakumbuka kwamba hata maombi yake sasa hakuna wa kuyaitikia.

Ndipo akaona tangazo: sikukuu ya wafanyakazi, Mei mosi, maonyesho ya bia za viwanda vidogo kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya ufuo. Mama Wimbi ingekuwepo.

Siku hiyo alivaa kitenge, akafunga kilemba cha rangi ile ile ya kwenye chupa. Alisimama kwenye ukuta wa ufuo akatazama bahari. Mawimbi yalikuwa yamejipanga vizuri, marefu, laini. Alimjua Warren: kwa bahari kama ile, asingeweza kukaa kwenye kibanda chake cha bia. Na kweli, haukupita muda akamwona anashuka na ubao kwapani, anaingia majini. Ghislaine akageuka, akaenda uwanjani.

Watu walikuwa wakizunguka na vikombe vidogo mkononi, wakionja hiki na kile, bia ya tangawizi hapa, ya mapera pale, wakibishana ipi inazidi. Kwenye kibanda cha Warren alikuwepo Nzeyimana, Mrundi wa makamo ambaye siku nyingine hulinda magari. Alikuwa amechukuliwa kwa siku ile tu. Alimtazama Ghislaine, akatazama chupa, akamtazama tena.

"Mama... ni wewe?"

Ghislaine akatabasamu, mwanya wote nje.

"Ni mimi. Leo sikukuu, baba. Wape watu bure."

"Patron wangu anajua?"

"Sura ya nani iko hapo?"

"Yako."

"Basi fungua."

Habari ya bia ya bure haihitaji mpiga mbiu. Watu walimiminika. Ghislaine aliwagawia kwa mikono yake mwenyewe, chupa nzima nzima, wengine mbili mbili, akawaambia wapeleke na nyumbani. Walitaka kupiga picha naye, akakubali kila picha. Aliona katoni zinakwisha nyuma ya Nzeyimana, na utamu alioupata ulimshangaza. Hakuwahi kuonja bia maishani, lakini alijisikia kama amelewa.

Warren alirudi maji yakimchuruzika. Mtu asiyemjua alimpita amekumbatia chupa nne, akamwambia, "Kimbia, yule mama anamaliza!"

Alipofika kibandani palikuwa na katoni tupu tu.

"Nani alikuruhusu?" alifoka.

"Na wewe, nani alikuruhusu?"

"Huu ni wizi! Naita polisi!"

"Ita. Nitawangojea hapa hapa. Wakifika waambie hii sura ni ya nani."

Watu walikuwa wameinua simu, wanarekodi. Warren aliziona. Akashusha sauti. "Mama, twende tuongee pembeni."

"Pembeni tulishaongea. Ukanipa katoni."

Kwa kuwa hakuweza kumfanya Ghislaine lolote, Warren alimgeukia Nzeyimana, akamfukuza mbele ya wote.

"Niliona picha, nikaona mtu," Nzeyimana alijitetea. "Ningejuaje?" Akavua aproni. Alipompita Ghislaine alimwambia kwa Kiswahili, taratibu, "Eish, mama. Ulijua yote. Mimi ukanitumia tu."

Mpaka leo wakikutana kwenye robot, zile taa za barabarani za pale Greyville, Nzeyimana hutazama upande mwingine, na hilo humuuma Ghislaine.

Lakini ya Warren hayamuumi. Video zilisambaa, watu wakaanza kuuliza yule mama ni nani na alilipwa nini, na baada ya wiki chache Mama Wimbi ikaondolewa madukani. Ghislaine alisherehekea kwa kuifunga saluni nusu siku. Kanisani mambo yalizidi kuharibika, maana sasa Marie alikuwa na video ya kiongozi wa korali akigawa pombe kwa mikono yake. Mchungaji alimpigia simu, akaanza kwa "Mama, hii sasa..." Ghislaine alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akakata. Hakurudi.

Jumatatu bado anakwenda baharini, na Warren naye huwepo mara nyingi. Majini kuna adabu: aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapovunjika ndiye mwenye wimbi. Ghislaine amejifunza kupiga maji kwa mikono, kwa nguvu. Kila Warren anapojiandaa na wimbi zuri, yeye huwa ameshapita upande wa ndani, karibu na linapovunjika, na ni Warren anayelazimika kuacha.

Tina alimwuliza atachoka lini kumnyang'anya Warren mawimbi.

"Sijaanza kuchoka," alisema, akageuza ubao kuelekea kilindini.