Ramani Iliyolazwa Kifudifudi

Baba yangu huchora nyumba za Waingereza katika ofisi ya ujenzi ya serikali pale Singida mjini. Likizo hii aliamua kujichorea ya kwake. Tunakaa kando ya barabara ya Ilongero, katika nyumba ya tembe yenye paa la udongo, na mlango wake unatazama zizi kama milango yote ya jirani. Baba alisema ni aibu mtu anayemchorea bwana shauri wa wilaya baraza ya nyumba yake aishi kwenye pango. Tembe ingebomolewa nusu, iezekwe bati, na mlango uangalie barabara. Mkubwa wake, Mwingereza, hupita hapo na gari, naye ndiye atakayeamua nani akalie meza ya mchoraji mkuu. Baba yako anaitaka meza ile kuliko alivyonitaka mimi, alisema mama, huku akipepeta uwele.

Alichora kwa wiki mbili. Hakutumia karatasi ya kawaida, alileta kitambaa cha ramani kutoka ofisini, chembamba hivi kwamba ukikiinua unaona mkono wako upande wa pili. Vyumba vyote aliviandika kwa Kiingereza. Nilimwuliza kwa nini, kwa hii sauti yangu ndogo ambayo watu huniomba nirudie. Akasema fundi akiona Kiswahili atadhani ni kazi ndogo.

Jioni moja, tunakula, alitusimulia habari ya nyumba ya wageni wa serikali inayojengwa Mkiwa. Mkubwa wake ameichorea dohani la kutolea moshi kwa mkono wake mwenyewe, na dohani lile linaishia chini ya bati la paa. Moshi wote utarudi chumbani kwa mgeni. Baba aliliona, akasema "Vizuri sana, bwana," akalinakili kwa wino. Alicheka mpaka ugali ukampalia. Kesho yake akapanda lori kwenda kuisimamia nyumba hiyohiyo kwa wiki tatu, akatuachia fundi na ramani. Maelezo hakuacha. Ramani inajieleza, alisema.

Fundi ni mzee wa rika la marehemu babu, nami namwita babu. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, akaogopa kuuchafua wino wa baba. Kwa heshima kabisa akakilaza kitambaa kifudifudi juu ya ubao, akaisoma ramani kwa nyuma. Mlango uliokuwa mkono wa kushoto, upande wa barabara, ukahamia kulia, upande wa zizi. Jiko likaenda barabarani. Fundi hakushangaa hata kidogo, maana hajawahi kujenga nyumba isiyotazama ng'ombe.

Mimi niliona siku ile ile. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yamegeuka, yanasomeka kinyumenyume. Nilimwamkia fundi shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama shuleni tunafundishwa kupika. Nikasema ndiyo, nikaondoka. Kila asubuhi niliamka na sentensi yangu tayari, na kila asubuhi ukuta ulikuwa umepanda. Bibi, mama yake baba, alikuja kutazama mlango unawekwa. Akaniangalia, akaangalia kitambaa, akamwambia fundi kwa Kinyaturu kwamba kazi ni nzuri, aongeze mwendo.

Jumamosi ya tatu baba alirudi ndani ya gari la mkubwa wake. Nadhani alikuwa ameisifia nyumba njia nzima. Walishuka mbele ya ukuta mtupu wenye dirisha la jiko, moshi unatoka, masufuria ya mama yameanikwa. Mkubwa aliuliza mlango uko wapi. Baba, na hapa nilimhurumia kweli, akasema uko upande wenye upepo mzuri, akamzungusha. Soksi nyeupe za mkubwa zilipita zizini. Mlangoni bibi alikuwa ameketi, akamwamuru asimame kwanza ndama wapite. Akasimama. Kisha akatazama saa yake, akaenda zake.

Baba alikichukua kitambaa, akakigeuza mara mbili.

"Wewe unasoma Kiingereza," aliniambia. "Hukuona maandishi yamegeuka?"

"Niliona, baba."

"Lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza."

"Ni mtu mzima. Ningemwambiaje kwamba amekosea?" Halafu sijui nini kilinipata, likanitoka lingine. "Wewe lile dohani la Mkiwa ulilisema?"

Mama akainamia ungo. Sijawahi kumjibu baba hivyo. Yeye alisimama pale mlangoni, kitambaa mkononi. Hakunipiga. Nadhani alikuwa anauona ule moshi.

Bibi akamwambia kama hana la kusema asogee, anamzibia ng'ombe.