Chumvi ya Mgombea

Emerance alikuwa na sauti ya kuamsha mji mzima, na alijua hivyo. Majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa na serikali, lakini sokoni Kindu tuliendelea kuitana kwa hayohayo. Kila mara chama tawala kilipoitisha ngoma za kumsifu mkubwa wa nchi, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, nasi kinamama tukaitikia, tupende tusipende. Mimi nilipenda, maana nilisimama nyuma yake nikimcheka anavyotikisa mabega.

Kazi yake hasa ilikuwa samaki. Aliwanunua wabichi kutoka Lokandu, akawapasua, akawatia chumvi, akawapeleka Kampene kwa wachimbaji wa madini. Wa kukaushwa kwa moshi kila mtu alikuwa nao. Wachimbaji walitaka wa Emerance. Mwaka ule wa uchaguzi treni ikaacha kuleta chumvi. Samaki wakamwozea mkononi, na watoto wake wakaanza kulala na uji mwepesi. Iliniuma kumwona.

Wagombea wa kwenda Kinshasa kutusemea walikuwa wawili, wote wa chama kilekile, kwa kuwa kingine hakikuwepo. Mwalimu Godefroid alitueleza habari za reli na injini mbovu, akatuomba tuvumilie. Alieleza vizuri mno, tukasinzia. Valère, na shati lake la maua, alisema chumvi ipo, imefichwa na Mbusa, mwenye duka aliyetoka Kivu. Akampa kila mama kikopo cha chumvi palepale. Hakuna aliyemuuliza yake ameitoa wapi. Akamwomba Emerance amtungie wimbo juu ya Mbusa.

Emerance akautunga. Kwetu akiimba kiongozi, midomo inafuata, na miguu pia. Kabla wimbo haujaisha tulikuwa mlangoni pa Mbusa, jasho linatutoka, tunadai afungue ghala. Mbusa akafungua milango yote, akasimama pembeni. Ndani mlikuwa na magunia matupu na paka mmoja.

“Mama Emerance,” akasema taratibu, “chumvi ya mwisho njo wewe nilikuuzia. Sasa nani alificha?”

Emerance aliona haya mpaka akainamisha kichwa. Halafu, wimbo ukiwa bado mdomoni, akaugeuza: akamsifu Mbusa, akalisifu duka lake, akamsifu na paka. Sisi tukaitikia kwa nguvu zilezile. Mbusa naye akashindwa kununa, akatoka kucheza nasi barabarani.

Nikaamini kwamba yule Valère kwisha habari yake. Siku ya kura tulipotoka chumbani nikamuuliza Emerance kama mwalimu amepata kura yake. Akasema hapana, amempa Valère. Nilikasirika, nikamuuliza kama amesahau tulivyoaibika mbele ya Mbusa.

“Ninajua iko muongo,” akanijibu. “Lakini kile kikopo chake, nilitia mu samaki, nikauza, batoto bakakula. Mwalimu anasema ningojee. Sasa samaki itangojea?”