Winga wa Magazetini na Maharage ya Kijiji

Kocha aliyenifundisha kazi sikuwahi kumwona. Alikuwa mtu wa Amerika ya Kusini, na nilimjua kwa magazeti ya michezo ambayo padre mmoja wa misheni alinipa, yakiwa yamechelewa miezi. Zamani alikuwa winga wa kushoto. Goti likaharibika, akawa kocha. Klabu ya kwanza ilimfukuza. Ya pili aliipatia kombe, nayo ikamfukuza. Nilimpenda. Mimi pia nilikuwa winga wa kushoto, na goti langu liliishia chuo kikuu, ingawa kwa kuteleza kwenye ngazi za bweni.

Baadaye nikapangiwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa milimani, juu ya Mbinga. Mwenyekiti wa kijiji aliposikia nimetoka chuo kikuu, alinipa timu. Hakuuliza nilisomea nini.

Mechi iliyonikosesha usingizi ilikuwa dhidi ya Ngumbo, kijiji nilikozaliwa, kule chini ziwani. Walikuwa wametufunga mara mbili kwenye mchanga wao, na kila nilipokwenda kusalimia nyumbani, kaka yangu aliuliza kama milimani watu wanacheza mpira kwa jembe. Safari hii wangepanda wao, kwenye uwanja wetu wa mteremko, ambako mgeni huchoka kabla ya mapumziko.

"Mwalimu," mwenyekiti aliniambia, "tukifungwa tena, timu tutampa mwingine."

Kocha wangu wa magazetini alishauri uwanja ugawanywe viraba, kila mchezaji ajue chake. Chokaa haikupatikana, na majivu yalisombwa na mvua. Lakini nyasi za uwanja zilikuwa zimefika magotini. Nikawaambia wachezaji wazifyeke, kisha wazilaze kwa mistari ya kukatishana, uwanja mzima. Waliifanya kazi ile haraka, na mistari ilinyooka kama ya daftari la hesabu. Nilipaswa kujiuliza walijifunzia wapi. Badala yake nilijisifu, nikashuka Mbinga kwenye mkutano wa walimu wa siku mbili.

Niliporudi, uwanja ulikuwa umelimwa. Kila kiraba kilikuwa shimo, kila mstari wa nyasi ulikuwa tuta. Kina mama wa kikosi cha shamba la kijiji, lililopakana na uwanja, walikuwa wanamalizia kwenye goli la chini.

"Shikamoo, mama," nilimwambia kiongozi wao.

"Marahaba, mwalimu. Pole na safari."

"Mama, huu ni uwanja wa mpira."

"Ulikuwa. Tumekuta nyasi zimelazwa."

"Zililazwa kwa ajili ya mpira."

"Mwanamume akilaza nyasi, mwanamke analima. Kwenu mnafanyaje?"

"Kwetu tunavua samaki."

"Ndiyo maana," alisema, na wenzake wakacheka bila kuacha kulima.

Hiyo ndiyo ngoro, kilimo cha Wamatengo, wenyeji wa milima ile. Mume hufyeka na kulaza nyasi viraba. Mke huchimba katikati, huzifukia kwa udongo, hupanda maharage juu ya tuta. Mwaka mzima nilikuwa nimepita kwenye miteremko yenye mashimo hayo, nikiwaza mpira.

Nilimwomba mwenyekiti matuta yale yasawazishwe. Aliuliza kama yamekwisha kupandwa. Nikasema ndiyo.

"Mbegu ya kijiji ikishaingia ardhini haifukuliwi," alisema. "Mtacheza kule kule Ngumbo."

Tulishuka kwa miguu, tukafungwa manne. Kaka yangu alinipokea pembeni mwa uwanja.

"Vipi, leo mmesahau jembe?"

 Wiki iliyofuata timu akapewa bwana shamba.

Maharage yalistawi sana. Yalipovunwa, yule mama aliniletea kikapu kimoja, akasema ni haki yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyelaza nyasi. Niliyala nikisoma gazeti jipya, yaani la zamani: klabu ya tatu ilikuwa imemfukuza winga wangu, na ya nne ilikuwa imekwisha kumchukua. Nilikuwa bado kijana, lakini nilihisi uchovu kwa niaba yake. Nilimaliza sahani, nikayafunga magazeti yote kwa kamba, nikamrudishia padre.