Pakiti Mbili, Nambari Moja

Wiki hii nilikuwa kwenye duka la mbegu, Kakuyuni, mtoto mgongoni, alipoingia mama mmoja wa makamo. Aliweka juu ya kaunta pakiti mbili tupu za mahindi. Mbegu zake alizipanda mvua ilipoanza, na haikuota hata punje moja.

"Mama, ulikwangua kibandiko ukatuma nambari?" muuzaji akamuuliza.

"Nilituma za pakiti zote mbili. Simu ikanijibu mbegu ni halali."

"Basi ni halali. Labda ulifukia chini sana."

"Mwanangu, nimeanza kulima hujazaliwa."

Mimi huona haya kusema mbele za watu, lakini nilikuwa nimevitazama vile vibandiko. Nikanong'ona, "Pakiti zote mbili zina nambari ile ile."

Muuzaji alizifuata tarakimu kwa kidole, kisha akaituma nambari kwa simu yake. Jibu lilipokuja, akamgeuzia mama kioo kama mtu aliyeshinda kesi. "Soma. Halali."

"Basi nipe hiyo simu nikaipande."

Wateja walicheka. Mama hakucheka.

Mtambo ule unaojibu ujumbe wa simu umefundishwa kuitambua nambari ya kweli. Haukufundishwa kuuliza imeshatumwa mara ngapi. Kwa hiyo tapeli ananakili kibandiko kimoja cha kweli, anakibandika kwenye pakiti mia, na ndani anatia anachotaka.

Jana, mvua ikiwa imeshakatika, niliituma mwenyewe nambari ile niliyoiandika pale dukani. Nilijibiwa kwa adabu kwamba mbegu zangu ni halali, nikatakiwa mavuno mema.