Salamu Ndefu za Baba

Kwa miaka miwili Tumati nzima ilimsifu baba yangu kwa uungwana. Mzee Baltazar Margwe, walisema, hampiti mtu. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni mwendo wa nusu saa, lakini yeye alisimama kwenye kila boma. Ataulizia wazee, watoto, ndama aliyezaliwa Jumanne, maharage kama yametoa maua. Katekista alimtaja mara mbili mbele ya waumini kama mfano wa upendo. Mimi binti yake, Evaline, nilikuwa benchi la mbele nikijivuna kwelikweli. Leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Baba alikuwa anaumwa mguu.

Tuligundua siku watafiti walipokuja zahanati yetu. Walitaka kujua kwa nini hata sisi watu wa milimani, tunaolima na kuchunga maisha yetu yote, tunapata ugonjwa wa mishipa ya damu ya miguuni kuziba, na kama unaweza kutibiwa huku huku bila mashine za hospitali kubwa. Baba alijitokeza wa kwanza, kwa sababu anapenda wageni. Muuguzi wao, Rahel, mzaliwa wa Bukoba, akampima presha mkononi, kisha akahamishia mkanda kwenye kifundo cha mguu.

"Binti yangu, moyo wangu umehamia huko chini?" baba akamtania.

Rahel akacheka, akapima tena, akaacha kucheka. Presha ya mguu wa kulia ilikuwa karibu nusu ya ile ya mkono. Akatueleza polepole kwamba mshipa ukijaa utando ndani unakuwa kama bomba la maji lenye tope: maji yanafika, ila kidogo. Akaulizia tumbaku. Sasa hapo atajibu nini, na kiko kimekuwa mdomoni mwake tangu alipokuwa kijana anachunga ng'ombe Yaeda Chini?

"Ukitembea, mzee, mguu unauma?"

"Hapana."

"Unafika kanisani bila kusimama?"

Mama yangu, Fransiska, akadakia. "Huyu? Huyu anasimama kwa kila mtu!"

"Na kama njiani hakuna mtu?"

Baba akaitazama kofia yake mapajani. "Naangalia mahindi," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Kigimbi kinabana. Nikisimama kinaachia."

Tulijua kwa nini alificha. Kaka yake, baba mkubwa Evarist, alianza hivyo hivyo, mpaka kidonda cha kidole kikagoma kupona na mguu ukakatwa chini ya goti. Siku zilizobaki alizimalizia mlangoni, akitazama njia. Baba aliamini kwamba akitamka neno moja tu kuhusu mguu, na yeye atakatwa.

Rahel akampa vidonge, akamwambia aache kiko, kisha akataja dawa ambayo hatukuitegemea: kutembea. Atembee mpaka kigimbi kiume hasa, asimame, kikiacha aendelee. Nusu saa kila mara, angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi sita. Akasema damu hutafuta njia za pembeni, na misuli hujifunza kutumia kidogo kinachofika. "Mguu huu tunaweza kuuokoa, mzee, ila si kwa kukaa."

Kiko mama alikitupa chooni jioni ile ile. Baba aliomboleza siku tatu, akakataa hata uji.

Kutembea ndiko kulikotushinda. Kwetu mzee mgonjwa hatembei, anabebwa. Siku ya kwanza alirudi baada ya dakika kumi, kwenye pikipiki ya jirani yetu Hilary. Siku ya pili, Hilary tena. Siku ya tatu aliletwa na trekta. Baba hajui kukataa wema wa mtu, na mimi nikaambiwa waziwazi, "Evaline, unamtesa mzazi wako." Nilichemka. Jumapili, baada ya matangazo, nikasimama bila kuitwa.

"Jamani, atakayempakia tena baba yangu, huyo huyo ndiye atakayekuja kumwogesha akishakatwa mguu!"

Katekista akakohoa. Kuanzia hapo pikipiki zikakoma.

Salamu hazikukoma. Akimwona mtu anasimama kabla mguu haujauma, habari za ndama zinaanza, kigimbi kinapoa, nusu saa inaisha amefika kisimani tu. Kila mwezi Rahel alisoma daftari la mazoezi nililomjazia baba, akatikisa kichwa. "Mzee, salamu zilikuwa za kupumzikia. Sasa zinakuzuia."

"Nimpite mtu? Mimi?"

Basi akaanza kutoka asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado mzito na njia tupu. Mimi nilimfuata kwa mbali bila yeye kujua. Simwoni, nasikia fimbo yake tu: inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Kila ilipogonga tena nilimpenda zaidi.

Miezi sita ilipotimia tukarudi zahanati. Kipimo kilikuwa kutembea dakika sita uani, kwenda na kurudi kati ya mawe mawili. Mwanzoni mwa utafiti, kwenye mawe hayo hayo, alisimama mara tatu. Rahel akabonyeza saa, baba akaondoka.

Dakika ya nne akaingia mama mkubwa Efrazia, mjane wa baba mkubwa Evarist, kaja kuchukua dawa zake za presha. Alipomwona baba akasimama katikati ya njia yake, kama kawaida yetu, akisubiri kusalimiwa. Ni mkubwa kwa baba, tena mke wa kaka yake. Nikajua kipimo kimeharibika.

"Shikamoo, shemeji," baba akasema, akampita.

Mama mkubwa akabaki mdomo wazi. Akanigeukia mimi, tayari kukasirika. Nikamwonyesha mawe, nikamwonyesha Rahel na saa yake. Ndipo akaangalia miguu ya baba, wa kulia ukikanyaga sawa na wa kushoto. Aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha akakusanya kanga yake na kusogea pembeni, na baba alipogeuka kwenye jiwe akirudi, mama mkubwa machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Pita, shemeji," akasema. "Pita tu. Marahaba."