Mkwe Yuko Meza ya Jumatano

Saa kumi jioni, Filister Awuor anageuza chapati za mahindi kwa vidole vitupu, kisha anakwenda dirishani. Anarudi, anageuza mbili, anakwenda tena. Ya tatu inaungua na yeye hana habari.

"Niambie ukweli, jina kwenye orodha ya wageni ni lile lile?" anamuuliza Cliff, mhudumu.

"Ni Frankline, mama. Yule wa kuchimba visima. Wanakuja watu wanane na mkubwa wao," Cliff anajibu kwa mara ya nne.

Frankline ni mume wa Scovia, binti pekee wa Filister.

Mgahawa huu wa Kimeksiko uko ufukweni, mjini Homa Bay, na bei zake si mchezo. Kila Jumatano wageni huketi meza moja ndefu, vyakula vikawekwa katikati, kila mtu akajichotea. Mpishi naye lazima atoke jikoni, akae nao na kula nao mpaka mwisho. Wageni hulipenda hilo. Leo ndilo linalomtoa Filister jasho.

"Miaka sita ameoa kwangu, hajawahi kuniona nikitafuna," anasema. "Kwetu sisi Wajaluo, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Nikienda kwao nawekewa chakula chumba kingine. Sasa nikae hapa nikilamba pilipili vidoleni?"

Ana miaka 53, ni mjane, na kabla ya hapa aliuza mahindi ya kuchemsha stendi ya Migori, akipata shilingi 300 siku ikiwa nzuri. Hapa analipwa 900, lakini yuko kwenye majaribio. Keshokutwa, Ijumaa, meneja wake, Cate, ataamua kama atabaki.

Cate amekwisha kusema lake. "Mama Scovia, hayo ni ya nyumbani. Hapa ni kazi. Utakaa."

Saa moja, Filister anatoka na kikapu cha chapati. Frankline anamwona, anasimama ghafla, macho chini, na kuanza kuelekea mlangoni. Mkubwa wake anacheka, anamuuliza ameumwa na nini.

Filister anatua kikapu mezani. "Karibuni, wageni. Mimi leo sikai. Mkwe wangu yuko hapa." Kisha, bila kumtazama: "Rudi ukae, baba. Ule."

Anarudi jikoni. Cate amekunja mikono. Mimi mwenyewe, mwandishi niliyekuja jikoni humu kuandika habari za chakula, hamu ya kula imeniisha.

Filister anakaa juu ya gunia la mahindi, anainuka, anakaa tena. Ameligeuzia mgongo dirisha linaloelekea mezani.

"Amerudi?"

"Amerudi," anasema Cliff.

"Anakula?"

"Amekula chapati saba."

"Mpelekee zingine. Na samaki pia."

Namuuliza Ijumaa atafanya nini.

"Nitaingia kwa Cate kabla hajaniita. Nitamwambia mimi nipike, kile kiti cha mezani ampe Cliff. Nikifukuzwa, narudi Migori na hizi chapati, niziuze pale pale stendi. Naogopa, sikudanganyi." Anafuta uso kwa aproni. "Lakini kesho Scovia akipiga simu, nataka aniambie mume wake alirudi nyumbani ameshiba."