Jini wa Ukurasa wa Mia

Juzi, kwenye foleni ya kliniki kule Kibuli, mama mmoja Mkongomani alikuwa akisoma ukurasa wa mia wa riwaya huku machozi yakimtiririka. Mumewe, mwenye mguu wa bandia, akachungulia.

"Nani amekufa?"

"Hajafa. Ni jini mwenye mabawa, ameumizwa vitani."

"Mimi nilirudi kutoka vitani bila mguu, hukulia. Jini kakwaruzwa tu, unamlilia!"

"Jini anamsimulia mpenzi wake aliyoyaona huko. Wewe umenisimulia nini, mzee wangu?"

Mzee akaanza kufunga upya kamba za kiatu kilichokwisha fungwa.

Nilimcheka mpaka nyumbani. Kwenye mto wa mke wangu nikakikuta kitabu kimevikwa gazeti kama daftari la shule; nikafungua ukurasa wa mia, jini yule yule. Safu yangu ya gazetini ya wiki iliyopita ndiyo inayomkinga jini asichafuke.